Masikio ya Kuazima

4 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitakuwa zimebaki. Nakuandikia barua badala ya kukupigia simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu unaweza kuikata nikiwa katikati ya sentensi, na hilo umeshanifanyia. Ya pili, sauti yangu umeshaichukua ya kutosha.

Mama ameondoka. Jumamosi saa nne asubuhi nilimkuta mlangoni ameshavaa viatu, sanduku lake la kijani limefungwa kwa kamba, teksi ameiita mwenyewe. Amekwenda kwa Mama Mdogo. Miaka sita nimeishi naye chini ya paa moja, na sikupewa hata nafasi ya kumuuliza kama amekunywa chai.

Zawadi yako ilifika Jumatano, siku aliyotimiza miaka sabini na nne. Hedifoni, kile kisanduku chake chenye rekodi, na kikaratasi chako: "Mama, kaa kwenye kiti chako, fumba macho, utatukuta sote mezani." Akakaa, akafumba macho. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Wajukuu walipocheka naye akacheka, akanyoosha mkono kulia kana kwamba anamnyang'anya mmoja wao kijiko. Jioni alikuwa anasimulia kwa simu kwa kila mtu anayemjua kwamba mwanawe amemrudishia mchana mzima.

Alhamisi akasikiliza tena, mara hii hadi mwisho. Akavua hedifoni, akakunja waya wake vizuri, akaniangalia kwa muda. Tangu hapo hakunisemesha. Nilipomzuia mlangoni Jumamosi ndipo alipofungua mdomo. Akasema: "Nimekusikia kwa masikio yangu. Ulikuwa mbele yangu, pale pale unapokaa." Nikamuuliza nimesema nini. Akanitajia neno kwa neno: "Huyu hajui tena hata anachosema. Tunamsikiliza kwa kumhurumia tu."

Unamjua mama yako. Miaka thelathini na moja amekaa kwenye swichibodi akiwaunganishia watu simu, na hakuna anachojivunia kuliko kichwa chake na masikio yake. Afadhali mtu angemtukana. Na anaamini maneno hayo yametoka kwangu, mimi ninayempimia dawa asubuhi na kumkata kucha za miguu.

Sasa nikukumbushe nawe ukumbuke. Ule mchana wa mwezi wa tatu ulikuja na Kichwa chako cha mpira chenye maikrofoni masikioni, ukakikalisha kwenye kiti cha Mama ili kisikie kama anavyosikia yeye. Mama ukamhamishia pembeni. Akasimulia ile hadithi yake ya siku laini zote zilipokatika, kisha akaenda chumbani kutafuta picha yake ya kazini. Anasema mnong'ono ulitokea hapo, kabla hajarudi. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu upande wa pili wa meza, nimeelekeana na hilo dubwana lako, namenya chungwa. Sikunong'ona. Sikufungua mdomo ila kuingiza chungwa.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Isikilize hiyo rekodi, umtambue aliyenong'ona, umwambie Mama. Nimeacha meno ya bandia ya watu watatu kwenye benchi la karakana ili nikuandikie haya, na daktari wa meno ameshapita mara mbili kuniuliza kama nimelala.

Salamu hazikubaki.

Dada yako

*

11 Mei

Dada yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, hata koti sijavua. Imeniuma sana. Mama nimempigia, amenijibu vizuri, anasema kwa Mama Mdogo kuna hewa nzuri. Naomba usijipe presha.

Rekodi ni ya saa mbili na nusu na sijapata nafasi ya kuisikiliza yote. Hapa karakana mambo ni mengi, maonyesho ya wabunifu ni tarehe ishirini ya mwezi ujao, na ule mchana wetu ndio nitakaowasikilizisha waamuzi. Lakini kuhusu swali lako naweza kukujibu hata bila kusikiliza, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mtu hutambua sauti inatoka wapi kwa mikunjo ya masikio yake. Hakuna wawili wenye mikunjo sawa, na ubongo wa kila mmoja umezoea ya kwake tangu utotoni. Ukimsikilizisha mtu kwa masikio ya mwingine, kulia na kushoto atapata bila taabu. Tatizo ni mbele na nyuma. Aliye mbele anaweza kumsikia nyuma, na aliye nyuma akamsikia mbele kabisa, na ataapa. Mashine za wengine zote zinaanguka hapo. Yangu haianguki, kwa kuwa kila mtu namtengenezea masikio yake mwenyewe na kuyavisha kwenye Kichwa. Na hilo nakushukuru wewe, maana bila ule unga wako wa kuchukulia umbo la meno na mkono wako mwepesi nisingepata kalibu ya masikio ya Mama iliyo safi vile. Hata ya kwangu uliyoichukua siku ile ya majaribio watu hapa wanaishangaa.

Kwa hiyo Mama akisema sauti ilitoka mbele yake, Dada, ilitoka mbele yake. Kichwa hakina upande, hakimpendi mtu wala kumchukia. Sisemi ulikusudia. Wewe umechoka, kila mtu anajua unavyojitolea, na mtu aliyechoka huropoka kitu hata yeye mwenyewe asikumbuke. Hakuna atakayekuhukumu.

Ushauri wangu kama mdogo wako: nenda kamwombe radhi yaishe. Maneno mawili tu. Mama si mtu wa kuweka kinyongo.

Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako

*

17 Mei

Wewe,

Nimwombe radhi. Nimeisoma hiyo sentensi mara nne nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania.

Unataka nikubali kosa ambalo sikulifanya ili wewe usisumbuliwe kabla ya maonyesho yako. Halafu unanivika kilemba cha ukoka, mara mkono mwepesi, mara ninavyojitolea. Kama unajua ninavyojitolea, ungekuja hata mwisho wa juma mmoja katika miezi mitatu ukajitolea nawe. Kwa Mama huwa unakuja na waya, unapima, unarekodi, unaondoka. Umemrekodi mara nyingi kuliko ulivyomsikiliza.

Nataka pia ujue hili, kwa kuwa unadhani nimeropoka kwa uchovu. Huwa nachoka na hadithi ya laini zilizokatika. Nimeshawahi kuwaza, tena si mara moja, kwamba Mama anaanza kuturudia hadithi zile zile kwa sababu hakumbuki. Kuwaza nimewaza. Lakini nikichoka namwambia usoni, naye hunijibu usoni, na chakula kinaendelea. Mtu wa kunong'ona si mimi na hujawahi kuniona hivyo tangu tukiwa wadogo. Nilipigwa shuleni kwa sababu ya kutokunong'ona.

Jumapili nilikwenda kwa Mama Mdogo. Mama alisema amelala. Nilimsikia kupitia mlango akimwambia Mama Mdogo aniambie amelala.

Dada yako

*

19 Mei

Mdogo wangu,

Sijangoja jibu lako kwa sababu nimeona kitu.

Jana nilikuwa natafuta picha za ule mchana, nimpelekee Mama moja ya wajukuu. Nikaipata ile uliyoipiga wewe mwenyewe kutoka mlangoni kabla hujawasha mashine, Kichwa kimekaa kwenye kiti cha Mama na sisi tumekizunguka. Nikaikuza kwenye simu. Nikaikuza tena. Nikaenda nayo kazini nikaiangalia kwa ile lenzi ninayotumia kukagua meno.

Mimi ndiye niliyechukua kalibu za masikio yenu, ya Mama na ya kwako, meza moja, siku moja. Sikio la Mama ni refu, bakuli lake ni pana, ukingo wake wa juu umekaa wima. La kwako ukingo wa juu umejikunja kwa mbele, umezaliwa nalo hivyo, bibi alikuwa analikanda kwa mafuta akidhani litanyooka. Masikio yaliyo kwenye Kichwa katika picha hii yamejikunja kwa mbele. Yote mawili.

Ulikivisha Kichwa masikio yako. Mama amekisikia chakula chake cha mchana kwa masikio ya kuazima.

Kazini kwangu kila kalibu ina namba ya mwenye mdomo, imechongwa kwenye plasta, kwa sababu ukimtilia mtu meno ya mwenzake hatatafuna. Ikitokea nimekosea, simwambii mgonjwa kwamba meno ni mazima ila mdomo wake ndio una matatizo. Nayarudisha benchi nikiwa na aibu yangu, naanza upya.

Sasa chukua barua yako ya tarehe kumi na moja, maana inaelekea uliiandika bila kuisoma. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba kwa masikio ya mwingine aliye nyuma husikika mbele na mtu akaapa. Mama amesikia mnong'ono mbele yake, palipo mkabala na kiti chake, na mbele yake nilikuwa mimi. Kwa hiyo tuutafute nyuma. Nyuma ya kiti cha Mama kuna kabati la vyombo. Juu ya kabati uliweka mashine yako ya kurekodia. Na mbele ya kabati, muda wote ule, walisimama watu wawili, wewe ukishika vitufe vyako na wifi akikushikia waya.

Wifi sauti yake nzito, hata akinong'ona jirani anajua. Sijasema kitu zaidi. Nakungoja useme wewe.

Dada yako

*

2 Juni

Dada,

Samahani nimechelewa. Sikutaka kukujibu kwa haraka.

Kuhusu masikio ni kweli. La kulia la Mama lilichanika nilipolitoa kwenye kalibu asubuhi ile, mpira ulikuwa haujakauka sawasawa. Ningehitaji siku mbili kutengeneza jingine, na nyote mlikuwa mmeshapanga kuja, wajukuu wameletwa kutoka mbali, wali upo jikoni. Nilikuwa na jozi yangu kwenye begi. Nikajiambia mimi ni mwanawe, tutakuwa tunafanana kiasi. Nakiri lilikuwa kosa la kiufundi.

Lakini Dada, kosa la kiufundi ni jambo la kiufundi. Nitamtengenezea Mama mengine. Na kuhusu maonyesho usiwe na wasiwasi, kile kipande nimeshakikata, ni sekunde sita tu, hakuna mtu yeyote atakayekisikia. Mchana wetu utabaki na mambo mazuri peke yake.

Kwa hayo mengine uliyoyaandika, naomba tuyaache mpaka baada ya tarehe ishirini. Nimefanya kazi hii miaka mitano. Kama nitasimama mbele ya waamuzi na kusema kwamba mashine ninayodai inamweka kila mtu mahali pake ilimweka dada yangu mahali pangu, nimekwisha. Naomba unielewe.

Mdogo wako

*

8 Juni

Mdogo wangu,

Umekikata. Ni sekunde sita. Rekodi uliyoniambia mwezi uliopita kwamba hujapata nafasi ya kuisikiliza sasa unaijua mpaka sekunde zake.

Na tazama ulivyoandika: "ilimweka dada yangu mahali pangu." Hapo hakuna tena la kuuliza.

Nilidhani nikishajua nitakuwa na ahueni. Sina. Nimekasirika kuliko siku ya kwanza, maana siku ile nilidhani wewe hujui. Kumbe wakati unaniandikia eti nimechoka, eti nimeropoka na sikumbuki, ulikuwa unajua ni nani. Ulinituma nikapige magoti kwa maneno yako. Ningekwenda, unajua? Usiku wa barua ile nilikaa kitandani nikajiuliza labda kweli nilisema. Nilianza kutojiamini mimi mwenyewe, kwa sababu ya mashine na kwa sababu ni wewe uliyeniambia.

Kosa la kiufundi ni lile sikio lililochanika. Hilo nisingekulaumu, kwangu huchanika kila juma. Kuweka la kwako ukanyamaza si ufundi. Kunong'ona vile nyuma ya kiti cha mama yako akiwa amekwenda kukutafutia picha si ufundi. Kuniacha mimi nibebe wiki tano ni jambo ambalo silijui hata niliite nini.

Mama sitamwambia. Nikimwambia mimi ataona namtupia mpira mwanawe wa kiume aliyemletea zawadi, na atanifungia mlango mara ya pili. Utamwandikia wewe. Utaandika kwa kalamu, si kwa simu, na utaandika maneno yale yale kama ulivyoyasema, usiyalainishe. Utafanya hivyo kabla ya tarehe ishirini, sio baada. Ukifanya baada ya kupongezwa itakuwa umemlipa Mama kwa makombo.

Kama hutaandika sitakufanya kitu. Sitakuja kwenye maonyesho kupiga kelele, sina nauli wala sina sauti ya kupoteza huko. Nitajua tu una moyo gani, na nitaishi na wewe nikiwa najua.

Dada yako

*

14 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara saba na zote nimezichana, kwa hiyo hii nitaiandika moja kwa moja.

Maneno uliyoyasikia niliyasema mimi. Mke wangu aliniuliza kwa nini umeisimulia ile hadithi ya laini zilizokatika mara ya pili kwenye meza ile ile. Nikamjibu kwa mnong'ono: huyu hajui tena hata anachosema, tunamsikiliza kwa kumhurumia tu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chako kando ya kabati. Umesikia yanatoka mbele kwa sababu nilikitia Kichwa masikio yangu badala ya yako, moja la kwako lilichanika, na sikukuambia. Dada hakusema kitu.

Rekodi niliisikiliza yote siku mbili baada ya kukutumia, na nikagundua kilichomo. Nilitaka nikupigie uzirudishe hedifoni kabla hujafika hapo. Nikajiambia labda hutafika. Dada aliponiandikia, nilimwambia ni yeye.

Sina cha kujitetea. Sikulisema kwa sababu naliamini. Nililisema kwa sababu nilikuwa na haraka, mita zangu za sauti zilikuwa zinapanda na kushuka, na nilitaka mke wangu anyamaze. Najua hilo halipunguzi kitu.

Ule mchana nimeutoa kwenye maonyesho. Nitawasikilizisha sauti ya karakana yetu, nyundo na mafeni.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi bado nitakuja mwisho wa mwezi, nikae nje.

Mwanao

*

22 Juni

Binti yangu,

Naandika polepole na mistari inapinda. Usiseme nimekunywa kitu cha Mama Mdogo.

Barua ya ndugu yako nimeipata. Ameandika vizuri, ameandika kama mtu mzima. Nimemjibu kwamba aje na asikae nje, atachekwa na majirani. Naona pia wewe ndiye uliyemsukuma, yeye peke yake asingefika hapo.

Sasa nikuambie na langu, kwa kuwa mwenzako amesema lake na mimi siwezi kubaki nimejitia hamnazo.

Alhamisi ile na mpaka Jumamosi niliamini ni wewe. Nilisikia sauti mbele yangu, nikaona kiti chako, nikakukuta ndani yake. Iliniuma hadi nikakosa nguvu ya kukuuliza. Nikafunga sanduku.

Lakini Jumatano iliyofuata, hapa kwa Mama Mdogo, nilizivaa zile hedifoni tena. Mara hii sikujishughulisha na sauti inatoka wapi. Nilimsikiliza mtu. Miaka thelathini na moja sikuwahi kumwona hata mmoja niliyemuunganishia simu, sikujua kakaa mbele ya nani wala nyuma ya nini, na nilikuwa nawajua wote. Mtu hunong'ona akaficha sauti yake, pumzi haifichi. Ndugu yako kabla ya kusema jambo baya huvuta pumzi puani, fupi, kama aliyenusa pilipili. Alikuwa hivyo tangu darasa la pili akinidanganya kuhusu daftari. Nilimsikia akivuta. Nikajua ni yeye.

Utaniuliza kwa nini sikukuita siku ile ile. Nimejiuliza na mimi, na jibu ninalo, ila si zuri.

Wewe ukionewa unapiga kelele. Unakuja mlangoni, unaandika barua, unagombana, na kesho yake bado upo. Yeye akiaibika hupotea. Alipofeli ule mtihani wa ufundi alikaa miaka miwili bila kukanyaga nyumbani, hakuna simu, hakuna salamu, unakumbuka nilivyokuwa. Nikawaza, nikimwambia nimemjua, atapotea tena. Nina miaka sabini na nne. Sina miaka miwili ya kumpa. Nikaona ni heri wewe ukasirike kuliko yeye aondoke, kwa sababu wewe hata ukikasirika hutaniacha. Kwa hiyo ulipogonga mlango nikasema nimelala.

Kuhusu ile hadithi, ni kweli naisimulia mara mbili. Huwa sijui ninapoianza, lakini nikifika katikati naziona nyuso zenu na najua. Siachi kwa sababu ukiacha katikati ndipo watu huanza kukuonea huruma kweli.

Nimechoka kukaa huku. Mama Mdogo anaamka alfajiri na kuanza kusogeza viti. Njoo unichukue Jumamosi, nitakuwa tayari saa nne.

Mama yako

*

25 Juni

Mama,

Shikamoo.

Sitakuja Jumamosi. Barua yako imefika nikiwa kazini, nikaisoma nimekaa juu ya gunia la plasta, na nilipomaliza nilimwomba daktari ruhusa nikatoka nikatembea barabara yote mpaka stendi na kurudi. Nilitaka hasira ipungue kabla sijakujibu. Haikupungua, kwa hiyo nakujibu nayo.

Ulijua. Wiki sita ulijua. Nilikuja mara tatu kwenye mlango ule. Mara ya pili nilileta dawa zako za presha, na nikamwachia Mama Mdogo nikiwa nalia barazani kwake, na wewe ulikuwa ndani ukijua sikukosa kitu. Watu hapa mtaani wananiuliza Mama yuko wapi, nami nawajibu amekwenda kupumzika, halafu naona wanavyotazamana. Huyo mwanao alinong'ona sekunde sita. Hayo nimeshayameza nusu, na nusu iliyobaki atakuja nayo mwisho wa mwezi tutaona. Ya kwako siwezi kuyameza, kwa sababu hukuyasema kwa haraka wala kwa bahati mbaya. Ulikaa ukapima nani wa kuumia, ukanichagua mimi.

Tena umenichagua kwa uzuri wangu. Kwamba mimi nabaki. Ni kweli nabaki, Mama, lakini nabaki kila siku kwa kuamua. Asubuhi naamka naamua tena. Hukuwahi kuniuliza kama inanigharimu, ukaona ipo tu, ya kutumia. Yeye anayekimbia anatunzwa asikimbie, na mimi nisiyekimbia nabebeshwa. Hilo si la mashine. Hilo ni la zamani kuliko mashine, na leo ndiyo mara ya kwanza nakuandikia.

Na ulipaswa kujua hata ile Alhamisi. Hadithi ya laini zilizokatika nimeisikia si chini ya mara mia mbili. Nikichoka nakuambia, Mama, hiyo umeshaisema, nawe unaniambia nisikilize tena, nasikiliza tena. Sijawahi kukuonea huruma. Mtu niliyemwonea huruma nisingegombana naye kuhusu chumvi.

Chumba chako kiko kama ulivyokiacha, shuka nimebadilisha. Sitakuja kukuchukua, njia unaijua. Ukifika nitafungua mlango, lakini mzigo wako sitaupokea mpaka uniambie pole ukiwa umesimama pale kizingitini, kwa sauti, Mama Mdogo akiwa pembeni yako anasikia. Usiniambie kwa nini. Kwa nini nimeshaisoma.

Halafu utaingia, na nitaendelea kukukasirikia ukiwa ndani.

Mwanao